Seva ya Makaburi na Eda ya Bi Dija

Umeme uliporudi saa nne asubuhi, feni ya ofisi ya makaburi ilianza kuzunguka, taa ya mlangoni ikapepesa kidogo ikatulia, na Mwishehe akaingia, akajipangusa mchanga wa miguuni kwenye gunia la kizingitini. Alikuwa amefariki tangu masika.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, Mzee Mwishehe," alijibu Samia wa mapokezi, ambaye alikuwa anakagua hina ya kucha zake na hakuona sababu ya kuacha.

"Marahaba. Leo wamejaa?"

"Wamejaa. Kuna mabibi wametoka Tanga na alfajiri. Wana chupa zao za marashi, wanauliza kama tumefungua au tumefunga."

Mwishehe alipita kati ya mabenchi, akawapa watu pole ya kusubiri, akaingia chumba cha nyuma, akakaa kwenye kiti chake. Aliandika neno la siri, akaandika amri, akasubiri. Kioo cha kompyuta kikajaa maandishi yake ya kawaida. Huko mbele Samia aliandika jina la marehemu wa kwanza, na mashine ikamjibu: mstari wa saba, kaburi la kumi na nne, karibu na bomba. Mwishehe akainuka, akaaga, akashika njia ya kurudi Mzambarauni alikozikwa.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mradi wa barabara mpya. Barabara hiyo ilipokuja upande huu wa Bagamoyo ilikuta makaburi yamelala njiani, na kwa kuwa barabara haikuweza kukata kona, makaburi ndiyo yaliyokata. Yalihamishiwa Mzambarauni, mengine yakapewa vibao na mengine namba tu. Ndugu wa marehemu walipolalamika kwamba hawajui wamsomee nani fatiha, mradi ulileta kompyuta moja kubwa inayoendeshwa na mfumo wa Linux, ukaweka ndani yake seva ya kutafutia. Unataja jina, inakuonyesha mtu wako yuko wapi. Umeme ukikatika, yote yanazima. Umeme ukirudi, kompyuta inaamka yenyewe, lakini ile seva ya kutafutia haiamki mpaka mtu aende akaiamshe kwa mkono. Uhai wake wote kazini mtu huyo alikuwa Mwishehe. Alipofariki hakuna aliyemwambia aache, kwa hiyo hakuacha.

Mtaani hakuna aliyeshangaa. Bagamoyo imeona watu wa kila namna wakipita, na foleni ya ofisini ilikuwa ndefu.

Shida ilikuwa nyumbani kwake, maana Bi Dija, mjane wake, alikuwa ameshamaliza eda na hatoki.

Miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa ndani, kajifunika, hana mafuta wala wanja, kama inavyotakiwa. Siku ya kumtoa ilipofika, wanawake wa mtaa walikuja na ndoo na khanga mpya. Bi Swaumu, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyeweka ndoo chini.

"Shoga, tunakutoaje? Mumeo nimepishana naye sasa hivi hapo kwenye kona. Kanisalimia, kaniuliza mguu wangu unaendeleaje."

Wakampelekea suala Sheikh Hija. Sheikh alifungua vitabu vyake kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na alikuwa mtu mkweli.

"Mjane nimemkuta," alisema. "Mke wa aliyepotea, asiyejulikana yu hai au amekufa, nimemkuta. Mke wa marehemu aliye kazini sijamkuta. Tuchukue tahadhari. Umeme ukatike, urudi, na yeye asionekane. Hapo na mimi nitasema Mwishehe amekufa."

Bi Dija alirudi ndani. Alikuwa na shamba la mananasi Kiwangwa, na kaka yake, Kombo, alikuwa akipiga simu kila jioni kutoka huko. "Dada, yanaiva. Ngedere wameshajua mwenyewe hayupo. Jana walikuja na watoto." Bi Dija alisikiliza, akakata simu, akalitazama panga lake lililosimama nyuma ya mlango. Njia ya kutoka Mzambarauni kwenda ofisini ilipita chini ya dirisha lake, kwa hiyo kila umeme uliporudi alisikia sauti anayoijua: "Hamjambo humo ndani?" Naye alivuta khanga akajibu, "Hatujambo, wahi kazini."

Binti yao, Maulida, ndiye aliyeamua kwamba jambo hili litakwisha.

Maulida alikuwa amemaliza kidato cha nne, anafanya kazi kwenye duka la steshenari mkabala na stendi. Kompyuta alijifunza kwa kuziharibu za watu na kuzitengeneza kabla wenyewe hawajarudi. Aliona suala la mama yake si la kitabu wala si la mtaa. Lilikuwa suala la seva moja isiyowaka yenyewe. Ikiwaka yenyewe, baba hana cha kufuata ofisini. Baba asipokwenda ofisini, mama anatoka. Akavaa baibui yake nzuri akaenda kwa Feisal, mkuu wa ofisi ya makaburi.

"Bosi, naomba niifanye ile seva iwe inawaka yenyewe."

"Mbona inawaka," alisema Feisal.

"Anaiwasha baba."

"Ndiyo. Inawaka."

"Bosi, baba amekufa."

Feisal alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kiasi. "Na hajachelewa hata siku moja. Vijana wenzako hapa, wazima kabisa, wanakuja saa tatu na sababu mdomoni." Alifikiri. "Haya, jaribu. Mradi usivunje kitu."

Maulida alikaa kwenye kiti cha baba yake, kilichokuwa na mchanga kwenye mshono. Alianza kwa kuiuliza mashine hali ya seva ile. Alitegemea jibu la kwamba haijawekwa kwenye orodha ya vitu vya kuamka pamoja na kompyuta, jambo dogo, amri moja tu. Mashine ikamjibu kwamba seva ile imefunikwa.

Akalisoma jibu hilo tena. Kwenye Linux kitu kinaweza kuwa kimewashwa, na kinaweza kuwa kimezimwa. Kilichofunikwa ni habari nyingine: hata ukikiamrisha kiamke na kompyuta hakiamki, mpaka kwanza kifunuliwe na mwenye neno la siri la msimamizi. Kuzima kunatokea tu. Kufunika kunafanywa na mtu. Na ofisi nzima neno hilo alikuwa nalo mmoja.

Hakuondoka. Umeme ulikatika saa sita, ukarudi saa saba kasoro, na Mwishehe akaingia akamkuta bintiye kwenye kiti chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe nifanye kazi, mabibi wamekaa juani."

"Baba, hii umeifunika wewe?"

"Nimeifunika mimi," alisema Mwishehe, kama mtu aliyeulizwa kama dirisha kalifunga yeye. "Na kila umeme ukirudi naifunua, naiwasha, naifunika tena. Nipishe."

Maulida alimpisha. Mwishehe aliandika, akawasha, akafunika, na huko mbele Samia akaanza kuita majina.

"Kwa nini lakini?"

"Mwanzoni ilikuwa inawaka yenyewe," alisema Mwishehe. "Nikawa nakaa hapa naitazama. Siku moja Feisal akaniuliza mbele za watu, 'Mzee, wewe hasa unafanya nini hapa?' Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu. Jioni ile nikaifunika. Kesho yake umeme ulikatika, wakanitafuta mpaka msikitini. Wakaniongezea miezi mitatu."

"Halafu?"

"Halafu mitatu mingine. Ndiyo ikawa hivyo, mitatu mitatu, mpaka nikafa. Nimekufa katikati ya mkataba, mwanangu. Nikaona si vizuri kuuacha katikati."

"Na huo ulipoisha?"

"Feisal aliniongezea. Aliniwekea karatasi hapo mezani nikaweka dole gumba. Halikuacha alama. Akasema si neno."

Maulida akasema, "Nipe neno la siri, baba. Niifunue isifunikwe tena."

"Silijui kwa mdomo. Vidole ndivyo vinavyolijua."

"Basi vidole viandike, mimi nimalizie."

"Viandike, halafu Feisal aje aniulize tena nafanya nini hapa?"

"Baba. Wewe umekufa."

"Ndiyo maana," alisema Mwishehe. "Aliye hai akifukuzwa ana pa kwenda kuomba." Akainuka, akasukuma kiti mahali pake. "Mwambie Feisal anipe mkataba wa kudumu. Hata kwa siku moja. Nitaondoka kama watu wanavyoondoka kazini, kwa mkono na chai."

Maulida hakusubiri kesho. Feisal alimsikiliza mpaka mwisho, na hakukasirika.

"Wa kudumu mgumu," alisema. "Kwanza umri wa kustaafu umempita. Halafu kuna hilo jingine."

"La kufa."

"Hilo. Wa kudumu lazima apimwe na daktari, alete cheti cha afya. Mimi nampeleka kwa daktari gani?" Akamtazama Maulida kwa huruma. "Wa muda hauna masharti hayo. Ndiyo uzuri wake."

Maulida alirudi nyumbani akamkuta mama yake anakuna nazi. Akamweleza yote: kilichofunikwa, miezi mitatu mitatu, dole gumba, cheti cha afya. Bi Dija aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Akipita, mwambie asimame dirishani," alisema.

Umeme ulikatika siku ya pili asubuhi. Uliporudi, Maulida alikuwa ameshasimama nje, na Mwishehe akaja kwa mwendo wake wa mtu anayewahi.

"Hamjambo humo ndani?"

"Baba Maulida, simama," alisema Bi Dija nyuma ya pazia.

Mwishehe akasimama. Kuku wa Bi Swaumu wakampita miguuni wakiendelea na shughuli zao. Bi Swaumu mwenyewe alitoka kumwaga maji, na maji hayo yalimchukua muda mrefu sana.

"Nasikia unadai mkataba wa kudumu."

"Nadai. Nimefanya kazi."

"Ulikuwa nao," alisema Bi Dija. "Baba yangu alikupa, mbele ya mashahidi, na wewe ukasema umekubali. Mimi nilikuongezea mitatu mitatu? Nilikuuliza hata siku moja unafanya nini humu ndani? Na siku zingine, Baba Maulida, ilikuwa haki yangu kuuliza."

"Ilikuwa haki yako," alikiri Mwishehe.

"Ulikuwa wa maisha, na maisha yamekwisha. Umeumaliza vizuri, sina lalamiko. Sasa mimi nataka kwenda kuchuma mananasi yangu."

Mwishehe alisugua mchanga kwa kidole cha mguu.

"Yameiva?"

"Ngedere wanakuja na watoto."

"Upande wa bondeni?"

"Upande wa bondeni."

Upande wa bondeni alikuwa amepanda Mwishehe kwa mikono yake, mche mmoja mmoja, na alikuwa akiwazuia watu wasiukanyage hata kwa macho.

"Basi," alisema. "Maulida, twende."

Ofisini, Mwishehe alikaa kwenye kiti, akafumba macho, na vidole vyake vikaandika neno la siri la msimamizi, Maulida akivifuata kwa macho kitufe kwa kitufe. Kisha akampisha bintiye. Maulida aliifunua seva. Akafungua faili lake dogo, lile linaloiambia kompyuta nini cha kuamsha na kwa mpangilio gani, akaamrisha seva iwe inaamka pamoja na mashine. Mashine ikakubali bila neno. Maulida hakuridhika na kukubaliwa. Akaenda kwenye swichi kubwa ya ukutani.

"Jamani, nazima," aliita. "Tunajaribu kitu."

"Zima tu, mwanangu," alisema bibi mmoja kutoka benchi. "Tumeshazoea."

Alizima, akawasha. Kompyuta ikaamka. Seva ya kutafutia nayo ikaamka, ikasimama kidogo, ikaanguka. Maulida akasoma ilichoacha kimeandikwa. Majina ya marehemu yalikuwa kwenye diski ya pembeni, na diski hiyo ilikuwa nzito kuamka. Seva ilikuwa inafika mapema, inakuta hakuna mtu wa kumtafuta, inakata tamaa.

"Ndivyo ilivyo hiyo," alisema Mwishehe nyuma yake. "Ina papara. Mimi nilikuwa naisubiri diski kwanza."

"Unaisubiri kiasi gani?"

"Nasoma Kul-huwallahu mara tatu. Ndiyo naiwasha."

Maulida aliongeza mstari kwenye faili: diski kwanza, seva baadaye. Akaongeza mwingine: ikianguka, ijaribu tena. Akaenda kwenye swichi. Bibi wa benchi akasema bismillahi kwa niaba ya wote.

Kompyuta ikaamka. Diski ikanguruma mpaka ikatulia. Hakuna aliyekuwa kwenye kiti. Maandishi ya kawaida yakajaa kwenye kioo yenyewe, na huko mbele Samia akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Haya, anayefuata. Marehemu wenu nani?"

Mwishehe aliinama akakitazama kioo kwa karibu.

"Mh," alisema. "Hata Kul-huwallahu haikusoma."

Alipangusa vitufe kwa mkono wa kanzu, mchanga ukamwagika chini. Akampa bintiye mkono. Alipopita mapokezi, Samia alimuuliza kama atakuja kesho.

"Inshallah hapana," alisema Mwishehe. Chai hakuna aliyempa.

Sasa ulibaki umeme kukatika, na umeme haukukatika. Ulikaa siku, ukakaa wiki, kitu ambacho mtaa ule haukuwahi kukiona. Friji ziligandisha mpaka milango ikagoma kufunguka. Bi Swaumu, aliyekuwa akiutukana umeme kila siku ukikatika, alianza kuutukana kwa kubaki. Baada ya swala wanawake waliinua mikono wakaomba kiza kidogo tu, cha nusu saa. Kombo alipiga simu kutoka Kiwangwa hadi sauti ikakauka: ngedere sasa wanachagua. Maulida, kila jioni, alipita ofisini kuhakikisha hakuna aliyegusa faili lake.

Alhamisi moja baada ya alasiri, redio za mtaa mzima zilinyamaza kwa pamoja. Vigelegele vikapigwa. Bi Dija alikaa wima kitandani mwake. Watu wakatoka wakajipanga kando ya njia ya Mzambarauni, Sheikh Hija akiwa mbele na miwani yake. Umeme uliporudi, wote walitazama kona. Alipita mtu wa baiskeli amebeba samaki, akaulizwa, akasema hajapishana na mtu. Simu ya Maulida ikalia.

"Imewaka yenyewe," alisema Samia. "Bosi katoka nje, anatazama barabarani."

Sheikh Hija alingoja mpaka mchanga wa baiskeli ukakaa chini. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema, na mtaa wote ukajibu kama ndiyo kwanza wanapata habari. Wengine walilia. Wanawake wakaingia ndani na ndoo. Bi Dija alioga, akapakwa mafuta, akafungwa khanga mpya, na alfajiri iliyofuata alipanda bodaboda ya kwenda Kiwangwa na panga lake mapajani. Upande wa bondeni alikuta maganda. Upande wa juu ulitosha.

Jumatatu yake Feisal alimwita Maulida.

"Binti, ile seva sasa anaiangalia nani?"

"Inajiangalia."

"Safi sana." Feisal alifungua mtoto wa meza. "Lakini makao makuu wanataka kila Ijumaa tutoe nakala ya majina, tusije tukawapoteza marehemu mara ya pili. Nafasi ipo. Ni ya muda, unajua tena. Miezi mitatu." Akaweka karatasi juu ya meza. Jina la baba yake lilikuwa limefutwa kwa wino mweupe, na chini, mahali pa dole gumba, palikuwa safi.

Maulida aliweka sahihi juu ya usafi huo. Akaenda chumba cha nyuma, akakaa. Nakala ya Ijumaa ilikuwa kazi ndogo kwa mashine ile. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaiandikia faili lake, ikawa inajitoa yenyewe, ikajihifadhi yenyewe. Alijaribu mara nyingine kuhakikisha. Ilifanya bila kosa. Akaitazama ikifanya, mikono mapajani. Kisha akaifunika.

Jioni alimkuta mama yake uani, kavaa khanga ya rangi ya machungwa, anamenya nanasi.

"Kazi gani wamekupa?" aliuliza Bi Dija.

"Kutoa nakala kila Ijumaa."

"Haijitoi yenyewe?"

"Haijitoi."

Kisu kilisimama. Bi Dija alimtazama bintiye, akautazama ukuta unaotazamana na njia ya Mzambarauni, akamtazama tena bintiye.

"Neno la siri unalijua kwa vidole au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo pia."

"Niambie, nisije nikakusikia na wewe chini ya dirisha."

Maulida akamwambia. Bi Dija alilirudia kwa sauti ndogo, akakosea, akasahihishwa, akalirudia mpaka likakaa. Kisha akageuza nanasi, akamkatia bintiye kipande cha chini, kile kilicho kitamu.